Klachi ya pikipiki inagonga, wakala anasema ni kawaida, kampuni inanirudisha kwa wakala

#1 Madam wa Kimamba
Wakuu, salaam. Nina pikipiki ya cc 125, niliinunua mpya kwa wakala Morogoro mjini, haijafika hata kilomita elfu sita. Ninaendea kazini, na barabara yetu mnaijua, vumbi kiangazi na tope masika.

Tatizo ni mlio upande wa kulia wa injini, pale pale kwenye kava la klachi. Asubuhi ikiwa ya baridi hausikiki sana. Ikishapata moto, nikisimama na kuweka nyutro, inagonga kama kopo lenye misumari. Nikibana klachi, kimya. Nikiachia, unarudi. Ukiweka kiganja kwenye kava unausikia ule mgongano hadi mkononi.

Wakala aliisikiliza ikiwa imeshapoa, akasema za aina hii zote zinalia. Nikaandika barua pepe kampuni yenyewe, jibu lao: "peleka kwa wakala aliye karibu nawe." Nimerudi kwa wakala, sasa anasema waranti haihusu klachi maana ni kitu cha kulika, na nikithubutu kufungua kava kwa fundi wa nje basi waranti imekufa yote. Nikiomba waniandikie hayo kwenye karatasi, hawataki.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Mlio huu ni wa nini hasa? Na mtu ukishakwama kati ya wakala na kampuni, unapita wapi? Jina la kampuni siliweki hapa, naomba msinilazimishe.

#2 Kijiwe Mazimbu
Taja kampuni madam, wengine tuko mbioni kununua, tusije tukaingia mkenge.

#3 Ngosha wa Igoma
Hiyo ni oili nyepesi tu. Hizi oili wanazoweka dukani siku hizi ni maji. Mimi natia oili nzito ya gari, nanunua kwa ndoo, na boda yangu inapiga kazi Mwanza nzima, vilima vya Bugando inapanda na abiria wawili. Badilisha oili mlio utaisha, usiumize kichwa na mabarua.

#4 Spana Kumi
Madam pole. Mimi ni fundi, acha nieleze kwa kirefu kidogo.

Klachi ya pikipiki hizi inakaa ndani ya oili ya injini. Kuna bakuli la alumini, madukani wanaliita klachi hausingi, lina vidole pembeni. Ndani yake zinapangwa pleti za msuguano na pleti za chuma kwa kupishana, zinabanwa na springi. Nyuma ya bakuli kuna gia kubwa inayosukumwa na gia ndogo ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Sasa wengi hawajui hili: ile gia kubwa haijakazwa moja kwa moja kwenye bakuli. Kati yao kuna raba au springi fupi za kumeza mshtuko, na kwa nyuma kuna sahani iliyopigwa riveti kushikilia vyote.

Injini ya silinda moja inapiga moto mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ikiwa inanguruma chini chini mzunguko wake unakuja kwa mishtuko. Raba zikichoka au riveti zikilegea, gia inacheza mbele na nyuma ndani ya bakuli na unasikia kugonga. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, haizuii tena ule mchezo. Ndiyo maana asubuhi husikii. Kwangu mimi hiyo ni hausingi, na hausingi siyo kitu cha kulika kama pleti. Hapo wakala anakuzungusha.

#5 Chalii wa Ngaramtoni
Taiming cheni hiyo, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikabadilisha tenshena, kile kikazio cha cheni, kimya hadi leo.

#6 Spana Kumi
@Chalii, taiming cheni haijui kama umebana klachi au umeachia. Inazungushwa na krenki muda wote. Madam amesema akibana mlio unakata. Halafu kwenye hizi nyingi cheni iko upande wa kushoto na klachi iko kulia. Soma uzi kabla ya kutoa dozi.

#7 Chalii wa Ngaramtoni
Sawa fundi, lakini mlio kwenye injini ya chuma unatembea. Nimeona watu wanafungua kulia kumbe ugonjwa uko kushoto. Mwambie aweke bisibisi ndefu sikioni, ncha aigusishe kwenye kava sehemu mbalimbali. Atajua unatokea wapi.

#8 Gia Boksi
Ushauri wa bisibisi ni mzuri. Mtu awe mwangalifu tu na miguu yake karibu na egzosi.

Ila Spana Kumi naomba nikupinge kidogo. Ukiwa nyutro na klachi umeiachia, shafti ya kwanza ya gia boksi inazunguka. Ukibana, shafti inaachwa na inapunguza au inasimama kabisa. Kwa hiyo mlio unaokata ukibana klachi unaweza kuwa wa hausingi, na unaweza pia kuwa wa beringi ya ile shafti, au meno ya gia yenyewe yanayocheza. Kipimo cha kubana klachi hakitenganishi hivyo vitatu. Nimeshaona watu wanauziwa hausingi mpya na mlio ukabaki pale pale, kumbe beringi.

#9 Spana Kumi
Nakubali kipimo hicho peke yake hakitoshi. Lakini beringi ya shafti inaunguruma, haigongi. Na ukitembea inazidi kadiri unavyovuta mafuta. Madam, ukiwa barabarani gia ya tatu au ya nne, mlio upo?

#10 Madam wa Kimamba
Nashukuru sana. Nikiwa kwenye mwendo siusikii. Unarudi nikipunguza sana, mfano kwenye tuta nikiwa gia ya pili injini ikiwa inajivuta. Na nikiwa nyutro nikaongeza mafuta kidogo tu, unapungua.

#11 Spana Kumi
Basi umezidi kunipa nguvu. Injini ikijivuta ndipo mishtuko inakuwa mikubwa. Hausingi.

#12 Gia Boksi
Au mngurumo wake wa chini umewekwa chini mno tangu dukani. Pikipiki nyingi za namna hii kitabu kinataka mizunguko kama 1,400 kwa dakika, pungufu au zaidi kwa 100. Wauzaji wanashusha ili mteja aone haili mafuta. Ikishuka sana hata klachi nzima itagonga. Pandisha kwanza hadi kipimo cha kitabu, ni skrubu moja tu kwenye kabureta, haifungui injini wala haiui waranti. Mlio ukiendelea ikiwa kwenye kipimo sahihi, hapo una kesi. Ukiisha, umeokoa hela.

#13 Ngosha wa Igoma
Mnazunguka tu. Oili nzito.

#14 Babu Gerezani
Mimi nauza spea Gerezani miaka mingi, suala la oili nina la kusema, maana kila siku narudishiwa pleti eti feki kumbe oili.

Oili ya pikipiki yenye klachi ya ndani inatakiwa iwe na maandishi JASO MA au MA2 mgongoni mwa kopo. JASO ni viwango vya Wajapani. MB hiyo ni ya skuta ambazo klachi yao haikai kwenye oili ya injini, usiitie kwenye pikipiki ya gia. Oili nyingi za gari za kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari libane mafuta. Dawa hiyo ikifika kwenye pleti zako, zinateleza. Injini inalia juu, pikipiki haiendi, na harufu ya kuungua unaipata.

#15 Gia Boksi
Babu yuko sahihi, naongezea tu kwa kumtetea Ngosha. Dawa hiyo inapatikana zaidi kwenye zile oili nyepesi, ambazo namba ya unene kwenye kopo inaishia na 20 au 30. 20W-50 ya gari mara nyingi haina, ndiyo maana yeye na wenzake wanapeta. Lakini kuteleza na kugonga ni magonjwa mawili tofauti. Oili nzito inaweza kuufunika mlio bila kutibu kilicholegea. Na kama kuna riveti inaachia humo ndani, madam anataka aijue mapema, siyo aifunike.

#16 Ngosha wa Igoma
Angalau mmoja kaniona. Asante Gia Boksi.

#17 Msafiri Bologna
Wadau, niko Italia huku. Mnaogopa bure. Ducati za zamani kama 916 na 996 zina klachi kavu, isiyokaa kwenye oili, na zinagonga ukiwa umesimama kwenye taa hadi watu wanageuka. Wenyewe wanaupenda mlio huo, wengine wanatoboa kava usikike zaidi. Siyo kila klachi inayolia ni mbovu.

#18 Spana Kumi
Mkuu wa Italia, hizo zinalia zaidi ukiwa UMEBANA klachi, kwa sababu pleti zinaachiana na kuchezacheza kwenye vidole vya bakuli bila oili ya kuzituliza. Ya madam inalia akiwa AMEACHIA. Ni kinyume kabisa.

#19 Msafiri Bologna
Hapo umenikamata. Ila mlio wake ni mtamu, mkipata nafasi usikilizeni.

#20 Kijiwe Mazimbu
Sisi tunatafuta spea ya Kimamba, mwenzetu anaota Ducati 😄

#21 Mlalo Juu
Nirudi kwenye swali la pili maana naona limesahaulika. Madam nenda TBS, wale ndio wanashughulika na bidhaa mbovu. Au LATRA.

#22 Wakili wa Kata
LATRA inahusika na leseni za usafirishaji na nauli, klachi yako haiwahusu. TBS ni viwango vya bidhaa, unaweza kuwaambia kama unaona bidhaa haifikii kiwango, ila mgogoro wako na muuzaji hauishii pale. Mahali pake ni Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina sehemu za kumlinda mlaji, ikiwemo masharti yanayohesabiwa kuwamo kwenye mkataba hata kama muuzaji hakuyaandika. Pia kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214. Mkataba wa kuuziana ulikuwa kati yako na muuzaji aliyekupa risiti. Kwa hiyo akikwambia "hilo ni la kampuni", mwambie risiti ina jina lake.

Lakini kabla ya FCC wala mahakama, tengeneza karatasi. Hadi sasa yote uliyoambiwa ni maneno ya mdomo, na ndiyo maana wanakataa kuandika. Wewe andika. Barua moja, nakala mbili. Weka tarehe ya kununua, namba ya chesisi na ya injini, kilomita, tarehe za sevisi, mlio unatokea lini na unakata lini, na nani alikujibu nini. Malizia hivi: "kama mnaona ni kawaida, naomba mniandikie hivyo." Peleka, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe kwa wakala na kampuni kwa pamoja, wote waonane humo.

#23 Mwana wa Mvita
Salamu kutoka Mombasa. Hili la kurushwa baina ya wakala na kampuni lipo huku vilevile. Kwetu Kenya tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012, na Katiba ya 2010 ibara ya 46 yasema wazi kuwa mtumiaji ana haki ya bidhaa zenye ubora ufaao. Lakini sheria haikufungulii kava la injini.

Langu nililolifanya ni hili. Wakala aliponambia "zote zalia hivi", nilimwomba anitolee moja ya namna hiyohiyo iliyotumika, tuziwashe zote mbili pamoja zikiwa za moto, mbele ya wateja. Yangu yagonga, ya pili kimya. Hakuwa na la kusema tena. Dada yangu, usiipeleke ikiwa baridi. Iendeshe kwanza mpaka ipate moto, kisha usikubali waizime kabla fundi wao hajainama kuisikiza.

#24 Madam wa Kimamba
Hili la kulinganisha ni zuri mno! Mwalimu mwenzangu shule ya jirani anayo ya aina hii hii na ni ya zamani kuliko yangu. Nitamwomba twende wote.

Swali kwa mafundi: sevisi ya oili imefika. Nikimwaga oili mwenyewe nitaona chochote cha kunisaidia bila kufungua kava?

#25 Gia Boksi
Ndiyo, na watu wengi hawafanyi. Iendeshe ipate moto, fungua nati ya chini, kingia oili kwenye beseni safi, siyo kwenye dumu chafu. Chuja kwa kitambaa cheupe. Vumbi laini la kung'aa ni kawaida kwa pikipiki changa. Unachotafuta ni vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, ipitishe. Vinavyonata ni chuma: gia, beringi, riveti. Visivyonata na vinang'aa kama fedha ni alumini, na vidole vya hausingi ni alumini. Piga picha kila kitu, hifadhi kwenye mfuko wa nailoni, andika tarehe.

Oili hiyo iwe inayokubaliwa na kitabu, na utunze risiti yake, wasije wakapata pa kukushikia.

#26 Babu Gerezani
Na usijaze kupita alama ukidhani unanyamazisha mlio. Pikipiki iwe wima wakati wa kupima, siyo imeegemea stendi ya pembeni. Oili ikizidi inatafuta pa kutokea, utaikuta kwenye kisafisha hewa.

#27 Chalii wa Ngaramtoni
Na uhuru wa mkono wa klachi umeuangalia? Pale kwenye ncha ya mkono pawe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta klachi. Waya ukikazwa kupita kiasi, klachi inakuwa imebanwa nusu muda wote, pleti zinaungua na beringi ya kusukumia, ile inayozitenganisha pleti ukibana, inakufa. Hii najua maana ya mdogo wangu ilikufa hivyo.

#28 Spana Kumi
Hapo Chalii umeongea. Hilo ni la kuangalia kwenye kila pikipiki.

#29 Kijiwe Mazimbu
Chalii leo kasoma uzi 👏

#30 Madam wa Kimamba
Mrejesho. Mngurumo nimepandishiwa hadi kipimo cha kitabu. Mlio umepungua lakini haujaisha, ikipata moto sana upo. Uhuru wa mkono uko sawa.

Oili nimemwaga na kuchuja. Kwenye kitambaa kuna vumbi la fedha na vipande vichache vyembamba, kimoja kina urefu wa punje ya mchele na kimejikunja ukingoni. Hicho sumaku haikigusi. Kuna vingine vidogo viwili vyeusi vimenata kwenye sumaku. Picha ninazo.

#31 Spana Kumi
Kile cha alumini ni kidole cha bakuli. Pleti zinakichonga kidogo kidogo hadi kinakuwa na ngazi. Na vyeusi vya chuma, naogopa riveti. Sitashangaa wakifungua wakute sahani ya nyuma inacheza.

#32 Gia Boksi
Polepole. Pistoni nayo ni alumini. Kava lenyewe ni alumini. Na vidole kuchongwa ndani ya kilomita elfu sita, kwa mtu anayeendea kazini tu, ni mapema mno isipokuwa kuna kasoro. Vyeusi vinaweza kuwa ncha za meno ya gia. Mimi bado siondoi beringi ya shafti kwenye orodha. Tunakubaliana kitu kimoja tu: lifunguliwe, na walifungue wao mbele yako.

Wakifungua, madam, simama hapo hapo. Mwombe fundi ashike ile gia kubwa kwa mkono mmoja na bakuli kwa mwingine, ajaribu kuzizungusha kinyume. Zisicheze kwa nguvu ya mkono. Kisha alitikise bakuli juu chini kwenye shafti yake, kuna bushi katikati inayolika. Halafu atoe pleti muone vidole. Kabla ya kufunga, uizungushe shafti ya kwanza kwa mkono, usikie kama inakwaruza.

#33 Wakili wa Kata
Na barua?

#34 Madam wa Kimamba
Barua nilipeleka pamoja na picha za kitambaa. Mapokezi walikataa kugonga muhuri, wakasema meneja hayupo. Nikaituma kwa barua pepe kwa wakala na kampuni pamoja, kama ulivyonielekeza, nikaandika chini kwamba nakala inayofuata itakwenda FCC. Siku iliyofuata meneja mwenyewe alinipigia. Amekubali pikipiki ya mwenzangu iletwe zilinganishwe, na kava lifunguliwe nikiwepo. Bado anashikilia kwamba klachi siyo ya waranti. Nimemwuliza, hausingi ikikutwa na kasoro itakuwa ya kulika nayo? Hakujibu.

#35 Wakili wa Kata
Mpe muda, ila kubaliana naye kwa maandishi kabla ya spana ya kwanza: wanafungua kwa ajili ya uchunguzi wa malalamiko yako, na spea yoyote ya zamani inayotolewa unakabidhiwa wewe. Usiache hausingi ikabaki dukani kwao.

#36 Mlalo Juu
Watasema pia umebebea abiria. Kadi nyingi za waranti zina mstari huo, kwamba biashara ya kukodisha haimo. Umeusoma?

#37 Madam wa Kimamba
Upo. Mimi sibebi abiria, namba zangu ni za binafsi. Lakini kwa kweli mstari huo unaniudhi. Wanajua kabisa pikipiki hizi wananunua akina nani nchi hii.

#38 Ngosha wa Igoma
Madam hapo umetusemea. Hata mimi waliniambia hivyo hivyo kwa shokapu, wakati kwenye bango lao la matangazo kuna bodaboda amepakia abiria.

#39 Kijiwe Mazimbu
Ngosha, hebu piga picha hilo bango uliweke hapa.

#40 Tunu wa Mbagala
Samahani kwa kuingilia. Yangu ni kinyume cha madam: ikiwa nyutro iko kimya, nikibana klachi ndipo inapiga mluzi mwembamba. Niogope?

#41 Spana Kumi
Ukibana ndipo inalia, anza na beringi ya kusukumia na ile fimbo yake. Hizo ni bei ndogo, ila usiendelee kuitembelea hivyo. Fungua uzi wako Tunu, weka aina na kilomita, nitapita jioni nikitoka gereji.